Kijana Atakayekaa Peke Yake Afunzwe Kutunza Nyumba

Kila mwaka, mtihani wa kidato cha nne unapomalizika mwezi wa Novemba, maelfu ya vijana wa Kenya hurudi makwao na masanduku yao ya bati. Wengi wao wamekaa miaka minne katika shule za bweni, ambako kengele iliwaamsha, mpishi akawapikia, na kila jambo likawa na saa yake. Mwezi wa Agosti au Septemba unaofuata, waliofaulu kuingia chuo kikuu hufunga safari tena, na wengi wao hukodi chumba kimoja mjini. Katikati ya safari hizo mbili kuna miezi tisa hivi. Aghalabu muda huo hupotea bure, na hali ndio muda mrefu wa mwisho ambao mzazi atakuwa na kijana wake chini ya paa moja.

Ni kweli kwamba watoto wa mashambani si wageni wa kazi. Msichana wa miaka 14 hupika, huteka maji na kufua. Mvulana hukama ng'ombe na kukata majani. Kwa hiyo mzazi husema, "Mtoto wangu anajua kazi." Lakini kujua kazi ni jambo moja, na kujua kutunza nyumba ni jambo jingine. Msichana anayeambiwa na mama yake, "Chukua unga huu, upike," hana haja ya kufikiri unga ule umegharimu shilingi ngapi, wala utakwisha siku gani. Yeye ametumia mikono tu. Kichwa kilikuwa cha mama. Akienda mjini, mikono huenda naye, bali kichwa kile hubaki nyumbani.

Basi linalofaa si kumwongezea kijana kazi, bali ni kumkabidhi jambo zima tangu mwanzo hata mwisho wake. Mathalani, apewe fedha za chakula cha jamaa yote kwa juma moja, pamoja na daftari. Aende sokoni mwenyewe, aulize bei, achague, aandike kila senti, kisha apike au agawe kazi ya kupika. Ikiwa amenunua nyama siku ya Jumatatu na Jumanne, na ilipofika Alhamisi mfuko ni mtupu, basi watu wote nyumbani wale ugali na sukuma wiki mpaka Jumapili, wala mzazi asimwongeze hata shilingi moja. Nyumba nzima itanung'unika, lakini hakuna atakayekufa njaa. Kosa lilo hilo likitendeka mjini, ambapo fedha za kodi zimo katika simu ile ile inayolipia chakula, huweza kumfanya kijana afungiwe mlango na mwenye nyumba, au aingie katika mikopo ya simu ambayo hukua upesi kuliko mahindi ya masika. Afadhali akosee angali kwao.

Jambo la pili ni moto, na hili halina nafasi ya kukosea. Karibu kila mwaka, katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai, husikika habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke tena. Makaa yanapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo humshika mtu usingizini bila ya kumpa onyo. Hata makaa yaliyokwisha kuwa mekundu, yasiyotoa moshi, huitoa. Kijana aambiwe sababu hiyo kwa maneno wazi, kwa maana aliyekatazwa tu husahau akisikia baridi, bali aliyeelewa hulitoa jiko nje.

Wanaotumia gesi nao wana hatari yao. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutanda sakafuni. Kijana aoneshwe jinsi ya kupaka povu la sabuni pale mpira unapoungana na mtungi. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Akisikia harufu yake, afunge mtungi, afungue mlango na madirisha, wala asiwashe kiberiti wala taa ya umeme. Na mtu akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta yaachwe.

Jambo la tatu ni chakula na maji. Maji yasiyoaminika yachemshwe mpaka yabubujike barabara kwa dakika 1. Lakini katika miji iliyo juu zaidi ya mita 2,000, kama vile Eldoret, Limuru na Nyahururu, yafaa yabubujike kwa dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Maharagwe mekundu nayo yanahitaji maarifa. Yana sumu ndani yake inayoleta kutapika na kuhara, nayo haiondoki kwa moto mdogo. Yalowekwe saa 5 au zaidi, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto ili yaive. Mwanafunzi anayetaka kuokoa gesi kwa kuyapika polepole tangu mwanzo hujitafutia ugonjwa. Vivyo hivyo, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe kamwe na dawa kali ya kusafishia choo, maana mchanganyiko huo hutoa hewa inayochoma mapafu.

Maarifa haya si ya wasichana peke yao. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, wanawake walikusanyika kujifunza kushona, upishi, usafi na ulezi wa watoto, na nyumba nyingi zilifaidika. Lakini wavulana walibaki nje ya mafunzo ya namna hiyo, kana kwamba tumbo la mwanamume hujaa bila ya sufuria. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulitia sayansikimu katika shule za msingi, kisha baadaye somo hilo likaondolewa katika mtihani wa mwisho, na lisilotahiniwa hupuuzwa upesi. Mtaala wa umilisi umeyarudisha maarifa ya lishe na ya nyumbani kwa wasichana na wavulana pia. Hata hivyo mwalimu hana jikoni la kila mtoto, mzazi analo.

Baba naye asijitoe katika kazi hii. Mvulana akimwona baba yake akiosha sufuria, hahitaji hotuba. Aliyekuwa akila nyumbani bila ya kujua mwiko hukaa wapi, akipata chumba chake hula hotelini kila siku, na fedha za mwezi humwisha katika juma la pili. Huyo si mvivu, hakufundishwa.

Njia ya kufundisha ni nyepesi, ila yataka subira. Kwanza mzazi atende, kijana atazame. Kisha watende pamoja. Kisha kijana atende, mzazi atazame na kunyamaza. Mwisho mzazi aondoke. Wengi hufika hatua ya tatu, lakini wakiona vitunguu vinaanza kuungua hunyakua mwiko, na somo huharibika. Kitunguu kilichoungua ni bei ndogo ya elimu. Ni katika moto peke yake, gesi na dawa za sumu ambapo mzazi hana budi kuingia kati upesi.

Wala kusingojewe Novemba ya mwisho. Mtoto wa miaka 13 aweza kukabidhiwa nguo zake zote. Wa miaka 15, chakula cha jioni siku moja katika juma. Wa miaka 17, bajeti ya juma zima.

Wazee walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu ni mwalimu asiyerudia somo. Mzazi anayelipa karo kwa kuuza maziwa na chai amefanya neno kubwa. Asiache kijana huyo akaangushwa na jiko, au na daftari lisiloandikwa, katika mwaka wake wa kwanza wa kujitegemea. Miezi tisa yatosha kumfunza, ikianzwa leo.