Taya la Mtoto Likivimba, Tusiishie kwenye Jino



Jumamosi moja, tukiwa katika utume wa jumuiya ndogo ndogo, tulimkuta mtoto wa miaka sita amevimba shavu. Mama yake alisema ameshang'olewa meno mawili, na uvimbe bado unakua. Tulimwombea, tukaondoka. Wiki mbili baadaye jicho lilikuwa limeanza kutokeza. Hapo ndipo alipopelekwa hospitali ya rufaa, na ugonjwa ukajulikana: limfoma ya Burkitt.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu, zile zinazotukinga na maradhi. Aina hii ina jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeieleza mwaka 1958. Alipofuatilia inakopatikana, ramani yake ilifanana na ile ya malaria. Mwaka 1964 wataalamu waliona ndani ya uvimbe huo virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Karibu watoto wetu wote huvipata kwa njia ya mate, na wengi hawadhuriki. Ila malaria ya mara kwa mara huzichokoza chembe zilizobeba virusi hivyo, na moja ikiharibika huanza kuzaana bila mpaka. Hakuna aliyemroga mtoto.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo wiki mbili zetu zilikuwa nyingi mno. Meno yakilegea bila sababu, taya au tumbo likivimba, au jicho likitokeza, mtoto apelekwe hospitali ya rufaa akatolewe kinyama cha kupimwa. Tiba yake ni dawa, hasa za sindano na dripu, wala si kisu; wanaowahi wengi hupona. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Bugando ipo.

Watu wazima nao wasipuuze mitoki isiyouma ya shingoni, kwapani au kinenani inayodumu wiki kadhaa, hasa ikiambatana na homa, jasho la usiku na kukonda. Mara nyingi hudhaniwa kifua kikuu. Wanaoishi na VVU wamo hatarini zaidi, na kumeza ARV bila kuruka hupunguza hatari hiyo.

Chanjo ya virusi vya Epstein-Barr haipo bado. Kilichopo ni kuzuia malaria: chandarua kitandani (si kwenye bustani ya mchicha, kama tunavyoona vijijini) na kupima homa mapema.

Mtoto wetu yuko mzunguko wa tatu wa dawa. Caritas ya parokia inachangisha nauli ya mzunguko wa nne, maana dawa zikikatizwa njiani uvimbe unaweza kurudi.