Harufu ya Petroli Katika Gari la Kale: Usiifunike kwa Udi

Zipo familia ambazo hadi leo zinatunza magari zilizoachiwa na wazee. Mashuhuri miongoni mwake ni Volkswagen Beetle, lile lenye umbo la kobe, ambalo utengenezaji wake ulikoma nchini Mexico mwaka 2003. Siku ya harusi hupambwa maua. Siku nyingine hupeleka watoto madrasa. Kutunza kilichoachwa na wazazi ni jambo jema. Hata hivyo, ndani ya mengi ya magari hayo mna harufu ya petroli, nayo imezoeleka mpaka ikadhaniwa kuwa ndiyo harufu ya uzee.

Ndugu msomaji, gari lililo salama halinuki petroli ndani, hata likiwa la mwaka 1965. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, na cheche ndogo hutosha kuuwasha. Katika Beetle, betri yenyewe imewekwa chini ya kiti cha nyuma, wanapokaa watoto. Anayeificha harufu hiyo kwa manukato anajinyima onyo. Anayefukiza udi garini anaukaribisha moto.

Njia ya kuitafuta ni kuuliza kwanza: inanuka wakati gani?

Ikizidi baada ya kujaza mafuta, au gari likatapo kona, anza na tangi, ambalo katika Beetle liko mbele. Kagua mpira unaounganisha mdomo wa kujazia na tangi, mipira myembamba ya kupumulia, na gasketi ya kifaa cha kupimia mafuta kilicho juu ya tangi. Kunja mpira kwa vidole. Ukionyesha nyufa, umekwisha.

Ikizidi injini inapounguruma, au kipasha joto kinapofunguliwa, elekea nyuma, kwa maana hewa hiyo hupulizwa na feni kutoka chumba cha injini. Tazama mipira inayoingia na kutoka kwenye pampu, pamoja na kipande kifupi kilichojificha upande wa mbele wa injini, ambacho ni rahisi kusahauliwa. Kishike pia kijibomba cha shaba kiingizacho petroli katika kabureta. Kikicheza, gari lisitembee, kwani kikichomoka petroli humwagikia injini yenye moto. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse: oili inayonuka petroli huenda ikawa dalili ya pampu iliyopasuka ndani.

Kote huko kukiwa salama, limebaki bomba la chuma lipitalo katikati ya sakafu, ambalo kutu huweza kulitoboa.

Kazi hii ifanywe mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa na waya wa betri umetolewa. Mulika kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti, na watoto wakae mbali. Mipira ibadilishwe yote kwa pamoja, iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, na ikazwe kwa klempu. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na dereva.

Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sharia, na watoto wetu ni amana mikononi mwetu. Basi gari linalonuka lisiwabebe, si madrasa wala harusini, mpaka chanzo kipatikane na kiondolewe. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote.