Hofu, Fazaa na Hadhari: Namna ya Kukabiliana na Woga wa Mashambulizi Vyuoni

Utangulizi

Mwanachuo yeyote aliyesoma katika kisiwa cha Mombasa anaijua Biashara Street. Ndiyo njia ya leso. Maduka yamepangana pande zote mbili, doti zimetundikwa milangoni, na barazani huketi mafundi cherehani wanaopinda leso mara tu zinaponunuliwa. Jioni moja tulikuwa wanachuo wanne katika duka mojawapo, tukimsaidia mwenzetu kuchagua jina la leso ya kumpelekea mamaye. Mara mpira wa gari ukapasuka nje. Mafundi waliinua vichwa, wakatazama, wakaendelea na kazi yao. Sisi wanne tulikuwa tumekwisha kulala chini, na mmoja wetu alikuwa anatambaa kuelekea nyuma ya meza ya muuzaji.

Mwenye duka hakutucheka. Alisema, "Inukeni wanangu, ni mpira tu," kisha akaagiza maji. Alipotuuliza tunafanya nini hapa mjini, tukamjibu kuwa tunasoma chuo, alitikisa kichwa asiulize zaidi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini tulilala chini, kwa nini si jambo la aibu, na ni vipi mwanachuo anaweza kuishi na hofu ya namna hii bila ya kutawaliwa nayo.

Chanzo cha hofu hii

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu 4 wa kundi la Al-Shabaab wenye silaha walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa. Waliwashambulia wanafunzi waliokuwa katika sala ya asubuhi, wakaingia mabwenini, na kwa muda wa saa nyingi waliwatenga wanafunzi kwa misingi ya dini. Mpaka jioni, watu 148 walikuwa wameuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Mwanafunzi mmoja alipatikana hai siku mbili baadaye, akiwa amejificha kabatini. Walionusurika wengi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Wengi wanaoingia vyuoni leo walikuwa watoto wa shule za msingi wakati huo. Hata hivyo, walizisikia habari hizo redioni, wakaziona nyuso za wazazi wao, na baadhi yao walikuwa na kaka na dada vyuoni. Hofu basi hurithiwa kama yanavyorithiwa maneno. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nasi twaweza kuongeza kwamba hata mdogo wake aliyesimuliwa hushtuka vilevile.

Maneno manne yasiyo sawa

Lugha yetu ina maneno kadhaa ya jambo hili, na kuyatofautisha ni mwanzo wa tiba. Hofu ni hisia inayomjia mtu anapohisi hatari. Woga ni tabia ya mtu ambaye hofu imekuwa desturi yake. Fazaa ni hali ya hofu kumpokonya mtu akili, akatenda kabla ya kufikiri. Hadhari ni hofu iliyopata maarifa ikawa kinga.

Hofu yenyewe si kasoro. Sauti ya ghafla inaposikika, ubongo hautangoji uthibitisho. Mwili humwaga homoni ya adrenalini, moyo hupiga mbio, pumzi hufupika, na misuli hujiandaa kukimbia au kupigana. Hayo yote hutokea kabla ya fikra kupata nafasi ya kuuliza, "Ni risasi au ni mpira?" Ndiyo maana anayemwambia mwenzake "Usiogope" anamwagiza jambo lisilo katika uwezo wake. Swali la haki si namna ya kutoogopa, bali ni namna ya kuizuia hofu isigeuke fazaa.

Fazaa inapoua pasipo adui

Umuhimu wa tofauti hii ulidhihirika siku 10 tu baada ya Garissa. Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko. Wanafunzi waliamka usingizini wakaamini kuwa wamevamiwa. Walikanyagana ngazini, wengine wakaruka madirishani. Mwanafunzi mmoja alifariki na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Hapakuwa na mshambuliaji hata mmoja.

Mwaka huo huo, tarehe 30 Novemba, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujipima utayari. Milio ya bunduki ilisikika, na wengi waliokuwa ndani hawakujua kuwa lilikuwa zoezi. Watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki kutokana na majeraha, na wengine wakaumia.

Funzo la matukio haya mawili ni moja. Waliodhurika hawakuwa waoga, wala hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye hofu ya haki ambao walikosa kitu kimoja tu, nacho ni taarifa. Hofu pamoja na taarifa huzaa hadhari. Hofu bila ya taarifa huzaa fazaa.

Hofu inapomgeukia jirani

Kuna madhara mengine yasiyopelekwa hospitalini. Hofu ikikaa muda mrefu bila ya kusemwa hutafuta sura ya kuivaa, na mara nyingi huchukua sura ya jirani. Tarehe 11 Septemba 2016, wanawake watatu walishambulia Kituo Kikuu cha Polisi hapa Mombasa, wakauawa. Baada ya tukio kama hilo, ni rahisi mwanachuo mgeni wa pwani kulitazama kila buibui kwa wasiwasi. Na mwanachuo Mwislamu naye huanza kuogopa mara mbili: kuogopa kushambuliwa kama wenzake, na kuogopa kushukiwa na wenzake hao hao.

Lakini upo ushahidi wa upande wa pili. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa, na wavamizi wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi na kufariki Januari 2016. Waliokuwa ndani ya basi lile waliogopa kama tunavyoogopa sisi, ila hofu yao haikuwafanya wamsahau aliyeketi kando yao.

Njia za kukabiliana na hofu

Kwanza, mwanachuo aijue nyumba anamolala na darasa analosomea. Milango ya kutokea ni mingapi? Upi hufungwa usiku, na ufunguo anao nani? Ni maswali ya dakika tano, lakini anayeyajua majibu yake hatatafuta dirisha gizani. Ikitokea hatari ya kweli, kanuni inayofundishwa katika nchi nyingi ni fupi: kimbia ikiwa ipo njia salama, kama haipo, jifiche na unyamazishe simu, kisha toa taarifa. Nchini Kenya nambari za dharura ni 999 na 112.

Pili, auzoeze mwili wake kutulia. Moyo unapopiga mbio na hatari haipo, avute pumzi puani akihesabu hadi 4, aitoe polepole akihesabu hadi 6, na arudie mara kadhaa. Kisha avitaje kimoyomoyo vitu vitano anavyoviona mbele yake. Hii ni njia ya kuirudisha akili mahali ilipo mwili.

Tatu, asiueneze uvumi. Ujumbe wa simu usio na chanzo ni cheche katika makuti. Kabla ya kuupeleka mbele, mtu ajiulize nani kasema, lini, na amejuaje.

Nne, azungumze. Kukosa usingizi, ndoto za kutisha na kushtuka-shtuka baada ya tukio la kuogofya ni mambo ya kawaida, na kwa watu wengi hupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita. Yakiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au yakimzuia mtu kusoma, kula na kutoka nje, basi ni wakati wa kumwona mshauri nasaha wa chuo au daktari. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya nacho kina nambari 1199, ambayo haitozwi malipo. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Tano, ajue namna ya kumsaidia mwenzake. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wenye nguzo tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama mtu yu salama na anahitaji nini. Msikilize bila ya kumlazimisha kusimulia. Muunganishe na watu wake na wenye utaalamu. Huhitaji shahada kufanya hayo.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Sisi wanachama wa chama hiki tunalo la kufanya lisilomngoja mkuu wa chuo. Matangazo mengi ya usalama vyuoni huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mtu aliyeamshwa usingizini na kishindo hana nafasi ya kufasiri. Tuyaandike kwa Kiswahili chepesi, kwa sentensi fupi, na tuyabandike milangoni. Na zoezi la usalama linapopangwa, tudai litangazwe mapema kwa lugha inayoeleweka na kila mtu, mpishi na mlinzi wakiwamo.

Hitimisho

Tumeona kwamba hofu ya mashambulizi ina chanzo cha kweli, kwamba ni kazi ya mwili wala si udhaifu wa moyo, na kwamba inaweza kuua hata pasipo adui ikikosa taarifa. Tumeona pia kwamba tiba yake imo katika maarifa, utulivu, ukweli na ujirani.

Mzee yule wa Biashara Street hakuwa ameusoma mwongozo wowote. Alitazama, akatueleza ukweli wa kishindo kile, akatupa maji, na hakutulazimisha kusema tusilotaka kulisema. Mwenzetu alinunua leso yake, fundi akaipinda, nasi tukarudi chuoni kwa miguu. Kila mwanachuo na awe mzee yule kwa mwenzake.