Mama Aliyefuata Ugonjwa wa Macho Hadi Jikoni

Ukipita usiku penye minazi ukamulika tochi juu, huenda ukaona macho mawili yanang'aa kama makaa. Ni komba huyo. Mwaka 1959 mwanasayansi wa Uingereza, Bibi Antoinette Pirie, alionyesha kwamba nyuma ya retina ya komba, yaani nyuma ya ule utando unaopokea mwanga ndani ya jicho, pana tabaka la chembe za riboflavini. Ni vitamini ileile iliyomo katika maziwa na mboga za majani. Muumba ana mambo!

Bibi Pirie alizaliwa mwaka 1905, akasomea baiokemia Cambridge, akaolewa na mwanasayansi mwenzake, Norman Pirie. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza namna gesi ya haradali inavyounguza macho, pamoja na daktari wa macho Ida Mann. Mwaka 1947 alirithi nafasi ya daktari huyo katika Chuo Kikuu cha Oxford.

Kazi yake kubwa ilikuwa lenzi. Kina mama, lenzi ya jicho haina hata mshipa mmoja wa damu. Hulishwa na majimaji yanayoizunguka, na sehemu yake ya katikati ni ileile uliyokuwa nayo tumboni mwa mama yako. Ikiharibika haibadilishwi, hufifia ikawa kama maziwa, nasi tunasema huyu ana mtoto wa jicho. Mwenzake, Ruth van Heyningen, alionyesha mwaka 1959 kwamba sukari ikizidi mwilini, lenzi huigeuza kuwa kitu kingine kinachojirundika ndani yake. Wenye kisukari na walisikie hilo. Wanawake hao wawili waliandika pamoja kitabu juu ya baiokemia ya jicho mwaka 1956, na mwaka 1968 Bibi Pirie akawa mwanamke wa kwanza kupewa Medali ya Proctor, heshima kubwa kwa watafiti wa macho.

Angeweza kupumzika hapo. Lakini alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aligeukia watoto wanaopofuka kwa kukosa vitamini A. Retina huihitaji ili kunasa mwanga hafifu. Ikipungua, mtoto huanza kupapasa mara jua linapozama. Baadaye jicho hukauka, na mwisho konea, kile kioo cha mbele, hulainika na kutoboka. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mzee akaona tena. Konea ikishayeyuka, mara nyingi jicho ndiyo limekwenda, na mtoto mwenyewe yumo hatarini kufa kwa surua au kuhara.

Kwa hiyo Bibi Pirie alishirikiana na Daktari Govindappa Venkataswamy mjini Madurai, India ya Kusini, katika kituo ambako watoto wa namna hiyo walikaa pamoja na mama zao. Dawa ilikuwapo, lakini mama alifundishwa pia kupika vyakula vya bei nafuu vya palepale, mboga za majani zikiwamo. Mimi kama muuguzi nalipenda sana jambo hili. Kumpa mtoto dawa bila kuuliza chunguni mna nini ni kumngoja arudi tena.

Nasi mchicha, matembele na kisamvu tunavyo nyuma ya nyumba. Tia mafuta kidogo, maana bila mafuta vitamini A haiingii vizuri mwilini, na ponda laini kwa ajili ya mdogo. Embe bivu na papai si vya wageni tu. Yale maziwa ya kwanza ya manjano usiyakamue ukayamwaga, hata bibi akisema ni machafu. Matone ya vitamini A hutolewa kliniki kila baada ya miezi 6, tangu mtoto ana miezi 6 hadi atimize miaka 5.

Na ukimwona anajikwaa jioni wakati wenzake bado wanacheza, usimtie maji ya majani machoni. Mpeleke zahanati kesho asubuhi, na mweleze muuguzi kwamba haoni giza likiingia.