Juja na Mlima Wenye Majina Mengi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika hupita Ruiru, kisha Juja. Na kwa kuwa barabara ni pana na magari ni mengi, kwa kawaida hatazami kando. Lakini akigeuza macho upande wa mashariki, siku isiyo na ukungu, ataona mlima mmoja uliosimama peke yake juu ya nchi tambarare. Mlima huo ni shahidi wa mambo mengi yaliyotendeka katika nchi hiyo, na atakaye kujua habari za Juja yampasa aanzie hapo.

Urefu wake ni mita 2,145. Wamasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kwa Kiswahili huitwa Kilimambogo, kwa ajili ya mbogo wakaao msituni mwake. Wakamba huuita Kyanzavi, na Wakikuyu Kirima kia Njahi. Na majina hayo mawili yote yatokana na njahi, yale maharagwe meusi yapendwayo sana na watu wa sehemu hizo. Katika imani ya kale ya Wakikuyu, mlima huo ni mmoja wa makao ya Ngai, na mvua za masika huitwa mvua za njahi. Basi kabla ya hati yoyote ya shamba kuandikwa, mlima huo ulikuwa umekwisha kupewa majina na watu waliolima na kuchunga chini yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alifika tajiri mmoja Mmarekani, William Northrup McMillan, mtu wa kimo na unene wa kustaajabisha. Akapata maelfu ya ekari, akajenga nyumba yenye baraza pana, na shamba lake likaitwa Juja. Husimuliwa kwamba jina hilo alilitoa kwa sanamu mbili za Afrika ya Magharibi, moja ikiitwa Ju na ya pili Ja. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake hapo, akawinda viboko na wanyama wengine.

McMillan alifariki mwaka 1925. Alikuwa ametaka kuzikwa kileleni pa Ol Donyo Sabuk. Lakini, kama isimuliwavyo, chombo kilichochukua jeneza lake kilishindwa kupanda, akazikwa njiani kabla ya kufika juu. Kaburi lake lipo hapo hata leo, na la mkewe liko karibu naye. Mke huyo ndiye aliyemjengea ukumbusho jijini Nairobi, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Kabla ya uhuru milango ikafunguliwa kwa watu wote. Nao mlima ukafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1967.

Mbele ya Juja ni Thika, mahali ambapo mito ya Chania na Thika huteremka kwa maporomoko. Kati ya maporomoko hayo mawili ndipo ilipojengwa hoteli ya Blue Posts mwaka 1908. Reli kutoka Nairobi ilifika mjini mwaka 1913. Lakini wazee wa Thika wana alama nyingine iliyo kubwa kuliko reli, nayo ni mti wa mugumo. Husimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alisema mti huo utakapoanguka, utawala wa wageni utakuwa umekwisha. Na kwamba Wazungu waliposikia habari hiyo waliuzungushia mti chuma ili usianguke. Wazee husema mti ulipasuka mwaka 1963. Na mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, Kenya ilipata uhuru.

Baada ya uhuru nchi hiyo iliota alama mpya. Huko Ruiru, wataalamu wa kahawa walizalisha mbegu iitwayo Ruiru 11, ambayo hustahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, na wakulima wengi wakapunguza gharama ya dawa. Huko Juja, Rais Jomo Kenyatta alitoa hekta 200 za ardhi mwaka 1977 ili kijengwe chuo cha kilimo na ufundi. Kwa msaada wa Serikali ya Japani chuo kikajengwa, wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1981, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili.

Sasa mashamba mengi ya kahawa na katani yamekatwa viwanja, na nyumba za ghorofa zimesimama palipokuwa na mimea. Si jambo la kulaumu, maana watu wanahitaji pa kukaa. Hata hivyo mtoto azaliwaye katika nyumba hizo huenda akajua majina ya vituo vya basi tu, asijue kwa nini Juja iliitwa Juja, wala kwa nini bibi yake akiuona mlima ule ukifunikwa na wingu hukumbuka kupanda njahi. Wazee wajuao wangalipo. Heri mtoto awaulize leo, kwa maana kiwanja hupimwa kikapewa hati, lakini jina lisilosimuliwa hupotea bila hati.