Kinanda Kilichofifia

Kama parokiani kwenu, huku Shinyanga na Geita, mna kinanda cha mbao cha kung'aa, pitisha kidole juu ya kifuniko chake. Je, chanata? Basi usiongeze polishi. Ukungu ule si uchakavu wa mbao, bali ni polishi ya juma kwa juma iliyopandana na kunasa vumbi letu la kiangazi.

Kwanza pangusa vumbi kwa kitambaa laini, maana mchanga hukwaruza. Kisha tia matone machache ya sabuni ya maji isiyo kali katika maji ya vuguvugu, chovya kitambaa cha pamba, ukikamue sana. Jaribu mahali pasipoonekana. Futa sehemu ndogo, fuatisha kitambaa chenye maji matupu, kausha papo hapo. Ukungu ukibaki, rudia; usisugue kwa nguvu.

Lakini spiriti usiiguse! Mimi niliitumia kwa haraka, usiku wa kuamkia sikukuu. Kumbe vinanda vingi vya zamani vimepakwa sheleki, gundi itolewayo na wadudu wa India, nayo huyeyuka katika spiriti. Niliondoa polishi na vanishi pamoja. Doa lile, kubwa kama sahani, lipo mpaka leo. Mpigaji hulifunika kwa kitabu cha nyimbo.