Noti ya Sol Isiyopigwa na Mtu

Jumamosi alasiri, katika makanisa mengi ya Lubumbashi, mpiga kinanda hufika kabla ya kwaya. Anachomeka kinanda, anakiunganisha na spika mbili zenye amplifaya ndani yake, anawasha. Kabla hajagusa kibonyezo, sauti inatoka: mmmm, nzito, isiyopumzika. Mwenye sikio la muziki atatambua kwamba ni noti kamili: sol iliyopanda kidogo.

Noti hiyo inatoka ukutani. Umeme wa Kongo ni mkondo geu: huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Sol ya chini kwenye kinanda hutetema mara 49. Mvumo tunaousikia ni mwendo huo wa umeme, pamoja na wadogo zake wa mara 100 na 150, uliopenya kwenye njia ya muziki.

Sehemu ya umeme wa eneo la Katanga, uliko mji wa Lubumbashi, hutoka bwawa la Inga, karibu na mdomo wa Mto Kongo, kwa njia ya kilomita kama 1,700 iliyoanza kazi mwaka 1982. Safari hiyo yote umeme huifanya kama mkondo mnyoofu, usiogeuka. Ukifika mji wa Kolwezi ndipo unapogeuzwa kuwa mkondo geu. Mkondo mnyoofu uliotulia hauzai mvumo. Kugeuka-geuka ndiko kunakouzaa. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1831: usumaku unaobadilika, kama ule unaouzunguka waya wa mkondo geu, ukipita katikati ya kitanzi cha waya, huzaa umeme ndani ya kitanzi, hata kama hakuna kinachokigusa.

Je, kitanzi chetu kiko wapi? Spika ya kushoto imechomekwa kwenye prizi moja, ya kulia kwenye prizi ya ukuta wa pili. Kila moja ina waya wa ardhi, na nyaya hizo hukutana ndani ya ukuta. Kwa upande wa mbele, nyaya mbili za sauti hukutana kwenye kinanda. Duara limefungwa, pana kama jukwaa lenyewe, na nyaya za umeme zimelizunguka. Mkondo unaozaliwa humo hupita kwenye shaba iliyosukwa kuzunguka waya wa sauti. Katika waya wa kawaida wa kinanda, shaba hiyohiyo ndiyo njia ya kurudi ya muziki. Wasafiri wawili, njia moja: spika haiwezi kuwatenganisha.

Kipimo ni rahisi. Punguza sauti ya spika, kisha chomoa waya mmoja kwenye kinanda na usikilize spika ya pili. Mvumo ukifa, tatizo ni kitanzi. Basi chomeka spika zote na kinanda kwenye ralonje moja, mradi iwe na waya wa ardhi na imudu mzigo huo. Pitisha nyaya za spika zote pamoja, ili eneo la kitanzi libaki dogo. Waya wa sauti usilale sambamba na wa umeme. Zikikutana, zipishane kama msalaba. Kisha pandisha sauti ya kinanda na ushushe ya spika, kwa kuwa muziki ukiingia na nguvu, mvumo hupotea chini yake.

Ukibaki bado, weka kati ya kinanda na spika kisanduku cha DI chenye transfoma. Ndani yake mna misokoto miwili ya shaba isiyogusana. Muziki, kwa kuwa nao hutetema, huruka kutoka msokoto mmoja hadi mwingine. Mkondo wa kitanzi, unaopita kwenye shaba ya nje ya waya wa sauti, hukosa daraja mara swichi ya kisanduku (ground lift) inapoitenganisha shaba hiyo. Ni kanuni ileile ya Faraday: iliyotuletea mvumo ndiyo inayouondoa.

Kuna dawa moja nisiyokubali mtu aitumie: kukata waya wa ardhi, au kuchomeka spika kwa adapta ya miguu miwili. Mvumo utanyamaza, ni kweli. Lakini siku waya wa ndani utakapogusa bati la spika, umeme utatafuta njia nyingine ya kushuka, na njia hiyo inaweza kuwa mwimbaji aliyeshika maikrofoni. Waya wa ardhi ni uhai wa kwaya nzima.

Mji huu umekua juu ya shaba, na shaba hubeba kila inachopewa, wimbo na mvumo vilevile. Kuipangia njia ni kazi yetu. Dakika kumi za kupanga nyaya kabla ya mazoezi zinatosha ili sol ya kwanza isikike pale tu mwanakwaya anapofungua kinywa.